Dioksini inayodondoka ardhini: kwa nini tusipime udongo tu, tuachane na mitungi?

Fundi_Sampuli
Wakuu, salaam.

Kila andiko la kupima dioksini (sumu za klorini zinazotokana na moto wa taka) kuzunguka dampo linalowaka au kichomea taka cha hospitali linakuja na mitungi ya Bergerhoff (mitungi ya kioo iliyo wazi juu, ya kunasa kinachodondoka kutoka hewani) kwa miezi kumi na miwili. Mitungi inavunjika, inaibwa, inajaa mvua, na kila mwezi maabara inataka chake. Udongo upo pale pale, hakuna wa kuuiba. Chota sentimita 5 za juu, pande nane za dampo, umbali wa mita 100, 300, 1,000 na 3,000. Kila kituo changanya vijisampuli kumi, peleka maabara mara moja kwa mwaka, chora ramani. Seveso, Italia, mwaka 1976 kiwanda kilipomwaga dioksini, kanda za uchafuzi A, B na R zilichorwa kwa udongo, wala hakuna aliyetega mtungi. Sisi tunajitesa kwa lipi? Wenye hoja karibuni.

Pikogramu
Mkuu, Seveso ilikuwa kishindo kimoja. Tarehe 10 Julai, kiwanda cha ICMESA kule Meda, na kilichotawala ni kongena (aina katika familia ya dioksini) moja tu, 2,3,7,8-TCDD. Mpaka wa kanda A ulikuwa mikrogramu 50 kwa mita ya mraba na walichimba sentimita 7. Ukichukua udongo wa kilo 1,300 kwa mita ya ujazo, hizo ni kilo 91 za udongo chini ya kila mita ya mraba, yaani nanogramu 550 hivi kwa kilo. Hiyo hata kwa vyombo vya wakati ule inaonekana.

Sasa piga hesabu ya dampo. Chukua mdondoko wa pikogramu 4 TEQ (jumla ya kongena, kila moja imezidishwa na kizito cha ukali wake wa sumu) kwa mita ya mraba kwa siku, kiwango lengwa cha Ujerumani. Kwa mwaka ni pikogramu 1,460. Sentimita 5 zako zina kilo 65 za udongo kwa mita ya mraba. Gawanya: pikogramu 22 kwa kilo kwa mwaka. Ili udongo upande kwa nanogramu MOJA (pikogramu 1,000) unahitaji miaka 44, na hapo hujatoa kinachooza wala kinachopeperuka. Udongo wa mjini tayari una nanogramu moja hadi kadhaa kwa kilo, na tofauti kati ya vijisampuli viwili vya kiwanja kimoja inameza hiyo 22 mara nyingi tu. Ukipima mwaka huu na mwakani, tofauti utakayopata ni ya koleo.

Mama_Kromato
Nakazia alichosema Pikogramu, ila niweke sawa jambo moja. Hiyo 4 inajumlisha dioksini, furani (ndugu zake) NA PCB (kemikali nyingine za klorini) zinazofanana na dioksini. Ukilinganisha nayo jumla ya kongena 17 za dioksini na furani peke yake unajipendelea. Halafu ni kiwango lengwa cha muda mrefu. Mwezi mmoja ukipita 4 haina maana kwamba umevunja sheria. Flanders, Ubelgiji, hutumia 8.2 kwa wastani wa mwaka na 21 kwa mwezi mmoja, kwa sababu wanajua mwezi mmoja unaweza kuruka.

Jongoo_wa_Jaa
Nimeweka kambi. Waleteni watu wa mitungi.

Fundi_Sampuli
Pikogramu, hesabu yako imeeleweka, lakini umechagua 4 ili ushinde. Dampo linalofuka moshi usiku na mchana halitoi 4. Weka 100. Kwa 100 udongo unapanda nanogramu 0.56 kwa kilo kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni karibu 3. Hiyo inaonekana. Na ukichota sentimita 2 badala ya 5, inaonekana mapema zaidi.

Tifutifu
Inaonekana kama udongo umetulia. Hapo ndipo penye kazi. Sentimita 2 za juu kwenye uwanja ambao haujalimwa, haujafagiliwa, hauna njia ya miguu, haupati maji ya mafuriko, na hauna MCHWA. Tafuta uwanja huo kuzunguka dampo lolote la Afrika Mashariki halafu uniite. Mchwa wanapandisha udongo safi wa chini na kuumwaga juu. Kituo chenye kichuguu kitakupa namba ndogo, kituo cha jirani kitakupa kubwa, na ramani yako itaonyesha mchwa wanakaa wapi.

Ila nisiwe mkali sana. Udongo uliotunzwa una faida yake. Kule Rothamsted, Uingereza, walikuwa na udongo wa shamba moja uliohifadhiwa tangu miaka ya 1840. Ulipopimwa, jumla ya dioksini na furani ilikuwa imepanda kutoka nanogramu 31 kwa kilo mwaka 1846 hadi 92 mwaka 1986. Miaka 140, shamba lile lile, kina kile kile. Udongo unaweza kukupa hadithi ya namna hiyo. Ya mwezi uliopita hauna.

Pikogramu
@Fundi_Sampuli 100 unaitoa wapi? Ndiyo swali lenyewe. Huijui mpaka utege kitu.

Hewa_Nzito
Unaweza kuikisia kutoka kwenye hewa. Pima hewa kwa pampu kubwa, chujio la kwatzi (quartz) na sponji ya poliyurethani nyuma yake, mita za ujazo 325 hadi 400 kwa saa 24, njia ya TO-9A ya EPA, Marekani. Halafu zidisha na kasi ya kutua. Chembe ndogo zinatua kwa sentimita 0.2 hivi kwa sekunde. Hewa ikiwa na femtogramu 100 (pikogramu 0.1) TEQ kwa mita ya ujazo, na zote ziko kwenye chembe: 0.1 × 0.002 × 86,400 = pikogramu 17 kwa mita ya mraba kwa siku. Hakuna mtungi hapo.

Mama_Kromato
Hewa_Nzito, "zote ziko kwenye chembe" ndipo uliposimika nyumba nzima. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, sehemu kubwa ya kongena zenye klorini nne, na kiasi kizuri cha zenye tano, ziko hewani kama gesi. Zenye saba na nane ndizo zinazong'ang'ania chembe. Na kongena mbili zenye kizito kamili cha 1 kwenye TEQ ya WHO 2005 ni TCDD na 1,2,3,7,8-PeCDD, yaani zile zile zinazocheza kati ya gesi na chembe.

Kaka_Masizi
Na hiyo 0.2 ni ya chembe za mbali. Karibu na moto wa wazi kuna masizi na majivu ya mikromita 20 na zaidi, hayo yanaanguka kwa sentimita 1 hivi kwa sekunde. Kasi ikiwa mara tano, mdondoko nao mara tano, na pampu nyingi zenye kichwa cha kuchuja PM10 (kinachopitisha chembe za hadi mikromita 10 tu) hazitayaona kabisa. Mita 200 kutoka motoni hesabu ya kasi ya kutua ni ramli.

Jongoo_wa_Jaa
Kwa hiyo udongo hapana, hewa hapana. Mitungi nayo ina dosari gani? Semeni yote leo.

Mpangaji_Vituo
Dosari ziko tele, na nyingi watu wanazijua baada ya kulipa maabara. Nitaeleza kwa mtungi wa kioo wa lita 1.5 hivi, mdomo sentimita 9, juu ya nguzo ya mita 1.5 hadi 2, siku 30, kama kiwango cha Ujerumani VDI 2090 sehemu ya 1 kinavyokwenda.

Eneo la mdomo ni mita za mraba 0.00636. Kwa siku 30 umekusanya sawa na 0.19 ya mita ya mraba kwa siku moja. Mdondoko ukiwa 4, mtungi mzima una pikogramu 0.76 TEQ. Zigawe kwa kongena 17, utajua kwa nini maabara inakurudishia safu nzima ya "chini ya kikomo" (kidogo kuliko mashine inavyoweza kuona). Ndiyo maana hutegi mtungi mmoja. Tega sita au nane kituo kimoja, unganisha ziwe sampuli moja.

Mvua. Milimita 300 kwa mwezi zinaingiza lita 1.9 kwenye mdomo huo. Mtungi umefurika, na kilichoelea juu (masizi, mafuta) ndicho kimetoka kwanza. Dar mwezi wa Aprili hupita milimita 200 bila shida. Badilisha kila wiki mbili wakati wa masika, jumlisha ya wiki nne maabara.

Kiangazi ni kinyume chake. Mtungi ukikauka, upepo unaingia na kuyatoa mavumbi. Acha maji safi ya sentimita chache ndani, na uongeze kabla hayajaisha.

Jua: zungushia karatasi ya alumini. Bila hiyo mwani unaota, chujio linaziba maabara, na mwanga unavunja kongena nyingine. Ndege: kikapu cha waya chenye miiba juu. Kinyesi kimoja kinaharibu mwezi.

Kusafisha ndipo hasara kubwa inapotokea. Dioksini hazikai majini, zinashika kioo. Ukimwaga maji na kuondoka umeacha mzigo ukutani. Kwanza toa majani na wadudu kwa kibano ukiwaoshea humo humo, kisha sugua ukuta, pitisha maji kwenye chujio, halafu suuza mtungi kwa asetoni na mwisho tolueni. Visuuzio vyote viende na chujio kwenye Soxhlet (kifaa cha maabara cha kutolea kemikali kwa kiyeyushi).

Na kila awamu peleka mtungi mmoja uliofunikwa uwandani, usifunguliwe, urudi nao. Huo ukija na namba, zile nyingine zote zina shaka.

Pikogramu
Niongeze la kikomo, maana hapo watu wanadanganywa bila kudanganywa. Tuseme maabara ina kikomo cha pikogramu 0.5 kwa kila kongena kwa sampuli. Ukijumlisha vizito vyote vya WHO vya 2005 kwa kongena 17 unapata 3.16. Ripoti ya "kikomo cha juu" inaweka 0.5 kila mahali pasipoonekana kitu: 0.5 × 3.16 = pikogramu 1.58 TEQ. Kwa mtungi mmoja, gawanya kwa 0.19: unapata pikogramu 8.3 kwa mita ya mraba kwa siku. KUTOKA KWENYE MTUNGI MTUPU. Mara mbili ya 4 ya Wajerumani! Kwa mitungi sita inashuka hadi 1.4. Daima daini namba mbili, kikomo cha chini (pasipoonekana kitu panawekwa sifuri) na cha juu, na zikitofautiana sana usichore ramani yoyote.

Mzigo_Baharini
Na uliza ni vizito vipi. Vya WHO 1998 vinaipa 2,3,4,7,8-PeCDF 0.5, vya 2005 vinaipa 0.3. Moto wa taka hutoa furani hiyo kwa wingi, kwa hiyo sampuli ile ile inashuka kwa kubadilisha jedwali. Sasa hivi kuna na vya 2022. Anayelinganisha ripoti ya zamani na mpya bila kurudia hesabu anapima mabadiliko ya kamati.

Shamba_Darasa
Mmesahau mimea. Mama_Kromato kagusa gesi, lakini mtungi haunasi gesi ipasavyo; majani yananasa. Nta ya jani inavuta kongena nyepesi kutoka hewani moja kwa moja, na nyasi ndizo ng'ombe anakula. Mwaka 1989 kule Lickebaert, Uholanzi, shida ilijitokeza kwenye MAZIWA ya ng'ombe waliolisha chini ya upepo wa vichomea taka vya Rijnmond, wakaweka kikomo cha pikogramu 6 kwa gramu ya mafuta. Wajerumani wana kipimo rasmi: nyasi za rai zilizooteshwa kwenye chungu chenye udongo wa kawaida, zinawekwa nje wiki nne, zinakatwa, zinapimwa. Na kingine cha mboga ya majani iitwayo "kale" kwa Kiingereza, jamii moja na sukuma wiki, wiki nane.

Jongoo_wa_Jaa
Yaani Mjerumani anapima dioksini kwa sukuma wiki na sisi tunaila 😂

Shamba_Darasa
Cheka, lakini ni kifaa kizuri. Jani pana, nta nyingi, linakaa muda mrefu bila kudondoka. Angalizo: usioshe jani kabla ya kupima kama unataka mdondoko, osha kama unataka kujua anachokula mtu. Nyanyua chungu mita 1.5 ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani. Na matokeo yanatoka kwa kila gramu ya jani kavu, hayageuki kuwa "kwa mita ya mraba" kirahisi. Jani likikua haraka wakati wa mvua, linajipunguzia mkusanyiko lenyewe.

Fundi_Sampuli
Sawa, nimewasikia. Basi nielezeni hili. Ripoti nyingi zinaonyesha udongo karibu na dampo una dioksini nyingi kuliko mdondoko wa mitungi unavyoweza kueleza, hata ukizidisha kwa miaka yote ya dampo. Kama mtungi ndio wenye haki, ziada imetoka wapi?

Shamba_Darasa
Gesi. Nimeshasema. Majani yanainasa, yanaoza, inabaki udongoni. Mtungi hauioni.

Kaka_Masizi
Sidhani ni gesi. Ni majivu yaliyobebwa. Magari, miguu, maji ya mvua, watu wanaochambua chuma. Hayakudondoka kutoka hewani hata kidogo. Kuna mayai ya Dandora, kwenye dampo la Nairobi, ripoti ya 2005 ya IPEN, mtandao wa kupinga kemikali za sumu: karibu pikogramu 23 TEQ kwa gramu ya mafuta wakati kikomo cha Ulaya kilikuwa 3. Kila mtu anayataja kama ushahidi wa moshi. Kuku anadonoa majivu na udongo; yai halijui kama sumu ilikuja kwa hewa au kwa kiatu.

Kilindi
Mimi nasema angalieni historia ya eneo. Pentaklorofenoli ya kutibu mbao ina OCDD (dioksini yenye klorini nane) tele. Pia kuna udongo mfinyanzi wenye dioksini za asili. Marekani mwaka 1997 kuku walipatikana na dioksini kwa sababu ya mfinyanzi wa Mississippi uliochanganywa kwenye chakula chao, haukuchomwa na mtu. Kiwanja kikiwa na kifusi cha mfinyanzi wa namna hiyo, mtungi na udongo havitakubaliana milele.

Mama_Kromato
Hili linaweza kuchujwa, tazameni sura ya kongena. Moto wa taka: furani zaidi ya dioksini, zenye klorini nne hadi sita zimejaa. Pentaklorofenoli: OCDD na OCDF (furani yenye klorini nane) juu, hepta (zenye klorini saba) nyuma yao. Mfinyanzi: OCDD inatawala, furani karibu hakuna. Ripoti inayotoa TEQ moja tu bila jedwali la kongena haifai hata kwa kufungia karanga.

Kilindi
Sura inabadilika njiani, dada. Nyepesi zinapeperuka na kuvunjwa na jua, nzito zinabaki. Moto wa taka wa miaka 20 iliyopita unaweza kuonekana kama kitu kingine. Brzuzy na Hites mwaka 1996 walikadiria dunia nzima inapokea karibu kilo 13,000 kwa mwaka wakati vyanzo vinavyojulikana vinatoa karibu 3,000. Maelezo mojawapo yaliyofuata ni pentaklorofenoli kugeuka OCDD ndani ya matone ya mawingu kwa nguvu ya jua.

Pikogramu
Hizo ni kilo za jumla na nyingi ni OCDD, yenye kizito cha 0.0003. Pengo la kilo si pengo la TEQ. Usilete mizani ya dunia kwenye dampo la hekta chache.

Hewa_Nzito
Nami nageuza swali: huenda mtungi ndio unaozidisha. Vumbi la udongo wa zamani linanyanyuka na kuingia mtungini. Unahesabu mdondoko wa mwaka 1995 kama wa leo. Pima beriliamu-7 kwenye sampuli ile ile. Inatengenezwa angani na miale ya anga, nusu uhai wake siku 53, kwa hiyo vumbi la udongo wa chini halina. Uwiano mdogo ukilinganisha na kituo cha mbali unaonyesha vumbi la ardhini. Kama huna kigunduzi cha gama, pima alumini na titani kwa udongo, zinki na risasi kwa moto wa taka.

Tifutifu
Siku 53 maana yake ukichelewesha sampuli miezi miwili imeshapungua nusu. Andika tarehe na saa ya kukusanya, urudishe hesabu.

Mzigo_Baharini
Kuna wanaotumia makadirio ya vyanzo na modeli. Moto wa wazi wa taka ni mikrogramu 300 TEQ kwa tani, zidisha na tani.

Kaka_Masizi
300 ni ya moto wa dampo. Kwenye mwongozo wa UNEP wa 2013, kuchoma taka za nyumbani uani kumeshushwa hadi 40 kwa hewa. Nyaya zinazochomwa kupata shaba ni 12,000. Kichomea taka za hospitali kisicho na udhibiti ni 40,000. Ukikosea daraja, modeli itakupa ramani nzuri ya uongo. Na tani zinazowaka kweli nani anazipima?

Mpangaji_Vituo
Nirudi kwenye kutega maana uzi umepaa. Upepo kwanza. Nairobi hutoka zaidi mashariki, kwa hiyo kwa Dandora mitungi mingi iwe magharibi, na kituo cha kulinganisha mashariki. Dar ni kusi na kaskazi: kituo kilicho chini ya upepo Julai kiko juu ya upepo Januari. Ukitega miezi mitatu tu umepima msimu. Usitege juu ya paa, upepo unapinda pale. Kaa mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wake, mbali na jiko la mkaa na barabara ya vumbi.

Fundi_Sampuli
Wizi je? Hujagusa.

Mpangaji_Vituo
Weka ndani ya uzio wa zahanati, kituo cha hali ya hewa au mnara wa simu wenye mlinzi. Kikapu cha waya ufunge kwa bolti, siyo waya wa kufungua kwa mkono. Tega nane ukitarajia kurudisha sita.

Mama_Kromato
Ukirudisha sita kati ya nane, gawanya kwa eneo la SITA. Kosa hilo linaonekana kwenye majedwali kuliko mnavyodhani.

Mzigo_Baharini
Maabara nako lazima HRMS (mashine ya kutenganisha molekuli kwa uzito) ya azimio 10,000, tofauti na hapo ni kupoteza muda.

Pikogramu
Siyo lazima tena kwa kila kitu. Ulaya tangu 2014 inakubali GC-MS/MS (mashine ya azimio dogo zaidi) kwa udhibiti wa chakula. Kwa mitungi yenye pikogramu chache bado ningechagua HRMS. Muhimu zaidi: kongena zilizotiwa alama ya kaboni-13 ziwekwe KABLA ya kuanza kutoa, na urejesho (asilimia yake inayorudi) uripotiwe. Kiwango cha Ulaya EN 1948 cha vichomea kinataka asilimia 50 hadi 130 kwa zenye klorini nne hadi sita, 40 hadi 130 kwa saba na nane. Ukiweza, weka moja, mfano 1,2,3,7,8-PeCDF, ndani ya mtungi kabla ya kuutega. Ikirudi asilimia 30 baada ya mwezi wa jua, umejua kiasi kilichopeperuka.

Shamba_Darasa
Ikirudi asilimia 30 umethibitisha hoja yangu ya gesi.

Hewa_Nzito
Au umethibitisha jua. Au mtungi ulifurika.

Fundi_Sampuli
Mitungi nane kwa kituo, vituo vitano, kubadilisha kila wiki mbili masika. Vifuniko vya kusafirishia je? Vya plastiki vya kawaida vinafaa?

Mpangaji_Vituo
Hapana. Kioo, au kifuniko chenye utando wa PTFE (tefloni) ndani. Kisipopatikana, karatasi ya alumini iliyosuuzwa kwa asetoni na heksani, upande usiong'aa uangalie ndani, kisha kifuniko juu yake. Simamisha mitungi wima kwenye kreti, giza, nyuzi 4. Usilaze hata mmoja.